Lionel Loueke: ni jazz ya Afrika ama ni jazz ya Marekani yenye vikorombwezo?

Wapenzi wa gitaa hapa Nairobi wakikaa pamoja baada ya shoo, pale Alliance Française ama popote, haikosi mtu ataleta jina la Lionel Loueke, yule mpiga gitaa na mtunzi wa Benin, na hapo ndio kelele inaanza. Wengine wanasema huyu ndiye ameiingiza Afrika ndani kabisa ya jazz ya kisasa, si kama mgeni. Wengine wanasema zii, huyo anapiga jazz ya Marekani kama wasee wengine wote waliosomea Berklee, kile chuo cha muziki cha Marekani, kisha anaongeza vikorombwezo juu, anaalisha ulimi kidogo, anaimba lugha ya kwao kidogo, lebo inapata kitu cha kuuza.

Hawa wa pili wana pointi, tusiwafukuze haraka. Albamu yake ya kwanza kwa Blue Note, lebo kubwa ya jazz ya Marekani, ilitoka 2008 inaitwa Karibu, ya pili 2010 inaitwa Mwaliko, na jamaa anatoka Benin ambako Kiswahili si cha kwao (sisi tulifurahi, lakini mtu akiuliza hayo majina yalikuwa ya nani hasa, si matusi). Kisha angalia wageni, Karibu ina Herbie Hancock wa piano na Wayne Shorter wa saksofoni, vigogo wa jazz ya Marekani, Mwaliko ina Angélique Kidjo, Richard Bona na Esperanza Spalding. Ile Ami O ya Mwaliko na Kidjo ndiyo huwaudhi zaidi, kwa sababu ni wimbo wa Cameroon ambao wazazi wetu waliucheza ukiimbwa na Bebe Manga, na sasa umekuwa mzuri, safi, wa kukaa kwa kiti na kutikisa kichwa. Mtu aliyelelewa na benga, aliyezoea D.O. Misiani na Shirati Jazz, gitaa likishika kasi hakuna anayebaki amekaa, atauliza kwani kucheza kulienda wapi, na mimi hapo sina jibu la haraka.

Lakini nadhani wanasikiliza mahali si penyewe. Wanasikiliza mdomo wake, na kitu chenyewe kiko kwa nyuzi. Loueke ana kawaida ya kupitisha karatasi katikati ya nyuzi za gitaa, basi ukigonga uzi sauti inatoka kavu, fupi, karibu na kalimba (ile ala ya vijiti vya chuma ya kupigwa na vidole gumba), inakufa papo hapo. Unaweza kusema hiyo nayo ni kikorombwezo tu, sawa, ila fikiria inamfanyia nini mpigaji. Wapiga gitaa wengi wa jazz wanategemea nota ndefu, unaivuta, unaiacha ielee, unapata nafasi ya kuwaza kinachofuata. Nota ikifa hivi huna pa kuegemea, lazima mdundo ubebe wimbo, lazima mkono wa kulia ufanye kazi ya ngoma (na huyu alianzia ngoma akiwa mtoto, gitaa lilimfikia akiwa na miaka 17 hivi). Nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, iko hivyo hivyo, sauti zake hazikai, na gitaa la benga liliiga nyatiti ndio maana linadunda badala ya kulia. Kwa hiyo hata kama Loueke hachezeshi mtu, anatatua shida ile ile ya hao wazee wa benga, ila jibu lake ni lingine.

Ndio maana napenda Seven Teens kwenye Karibu, inayoenda kwa hesabu ya 17, yaani unahesabu midundo 17 ndio mzunguko uanze tena. Ukisoma hivyo kwa karatasi inakaa mtihani wa KCSE, lakini ukiiskiza bila kuhesabu inatembea tu, kwa sababu imekatwa vipande vidogo vidogo kama watu wa ngoma wanavyokata. Na wanaompigia si Waafrika, Massimo Biolcati wa besi amekulia Sweden na Italia, Ferenc Nemeth wa dramu ni wa Hungaria, wamekuwa naye tangu shule. Sasa wale wanaosema mdundo huu lazima uwe kwa "damu ya Afrika" hapo wataeleza vipi?

Mahali nakubaliana na wapinzani bila kuzungushana ni Heritage ya 2012, ile aliyosaidiwa kuitengeneza na mpiga piano Robert Glasper. Si mbaya, lakini kinanda kinajaza kila pengo, na gitaa la huyu jamaa linaishi kwa mapengo. Ukiondoa mapengo anabaki mpiga gitaa mzuri kati ya wapiga gitaa wazuri.

HH ya 2020 ni kinyume, yuko peke yake, karibu nyimbo zote za Hancock, yaani Cantaloupe Island, Watermelon Man, hata Rockit ambayo 1983 ilibebwa na mashine za dramu na mikwaruzo ya sahani za santuri. Hakuna wimbo wa kijijini, hakuna jina la Kiswahili, na bado kwangu ndiyo yenye Afrika nyingi kuliko zote, kwa sababu kila kitu kimepitia ule mkono wa kulia. Kasoro iko pia, mdomo na uzi vinafuatana sana, ukifika katikati masikio yanachoka, mimi huikata nusu na kuimalizia siku nyingine. Na usiiskize kwa matatu ya Thika Road, hizo sauti fupi zote zitamezwa na subwoofer ya jirani.

Kama hujawahi kumskiza, anza na Dolphin Dance ya HH, rudi Seven Teens, halafu Gaia ya 2015 iliyorekodiwa mbele ya watu ndani ya studio, humo gitaa ni chafu kama la roki na kuna hata wimbo wa Bee Gees. Heritage inaweza kungoja.