Mkataba wa watu wawili unamfungaje wa tatu? Leseni na haki ya kuuza tena

Ile kesi ya Marekani ya Vernor dhidi ya Autodesk, kampuni inayotengeneza AutoCAD, programu ya kuchora michoro ya majengo, bado inanisumbua. Ofisi moja ya wasanifu majengo ilikuwa na nakala za AutoCAD Release 14, toleo jipya lilipotoka wakahamia huko kwa makubaliano kwamba zile za zamani waziharibu, hawakuziharibu, wakamuuzia Vernor, jamaa anayeuza vitu vya mtumba eBay. Jamaa naye akaziweka sokoni, diski orijino kabisa, wala siyo kopi alizochoma mwenyewe nyumbani. Autodesk wakalalamika eBay, akaunti yake ikafungiwa kwa muda, akaenda mahakamani. Mahakama ya chini ikampa ushindi, ila mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikapindua, ikasema ile ofisi haikununua, ilipewa leseni tu, na kama siyo mmiliki basi hana cha kumuuzia mtu.

Sasa ujue Marekani wana kanuni ya zamani kwamba ukishauza nakala halali, mamlaka yako juu ya nakala ile yameisha. Ilitoka kwenye kesi ya 1908, wachapishaji Bobbs-Merrill waliandika ndani ya kitabu kwamba atakayekiuza chini ya dola 1 amevunja hakimiliki, duka la Macy's wakakiuza senti 89, na Mahakama ya Juu ikawa upande wa Macy's. Mwaka 1909 ikaingizwa kwenye sheria ya hakimiliki, leo ni kifungu cha 109. Lakini majaji wale walisema pia kwamba kwenye kesi ile hakukuwa na mkataba wala leseni, na kampuni za softiwea miaka mingi baadaye zimepita hapo hapo.

Autodesk wana hoja tena nzito, tusiwabeze. Ile ofisi ililipa dola 495 kwa kila leseni ya kuhamia toleo jipya wakati leseni mpya ilikuwa dola 3,750, yaani punguzo lilitolewa kwa sababu ya zamani inatupwa, ukichukua punguzo afu ukauza na ya zamani umekula pande mbili. Hata bei nafuu za wanafunzi zinategemea ahadi kama hizo. Vitabu navyo ni hivyo hivyo: mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliruhusu vitabu vya mchapishaji Wiley vilivyotengenezwa na kuuzwa bei rahisi Asia viuzwe tena Marekani, ushindi kwa mnunuzi kweli, ila mchapishaji akiona vinarudi kushindana naye nyumbani anaweza kupandisha bei kule kwa wenye kipato kidogo, na mwanafunzi wa Dar au Kampala hapo anaumia.

Ila kosa lilikuwa la nani? La ofisi iliyokubali kuharibu ikauza! Washtaki hao kwa kuvunja mkataba, maana mkataba unamfunga aliyeuingia wakati hakimiliki inamfunga kila mtu duniani, na ukiruhusu ahadi ya watu wawili igeuke kosa la hakimiliki unamnasa mtu wa tatu ambaye hakukubali chochote na programu yenyewe hakuiinstoo. Najua watasema kumfuatilia kila mteja ni ngumu na fidia ya mkataba ni ndogo. Sawa, lakini ugumu wa kudai deni haufanyi asiyekukopa awe mdaiwa wako.

Ulaya walikaribia jibu ninaloliona la haki. Mwaka 2012, kesi ya UsedSoft, wauzaji wa leseni za mtumba, na Oracle, watengenezaji wa programu, mahakama yao ilitazama kilichofanyika na siyo jina la karatasi: umelipa mara moja, unatumia milele, basi umeuziwa hata kama ulidaunlodi, na unaweza kuuza mradi nakala yako uiondoe isitumike, na leseni ya watu 25 usiigawe vipande. Mwaka 2019 wakakataa kwa vitabu vya kidijitali, kesi ya Tom Kabinet, tovuti iliyouza vitabu hivyo vya mtumba, na hapo nawaelewa, kitabu watu wengi wanasoma mara moja tu na faili halichakai, nakala moja ingezunguka kwa wasomaji kumi wiki mbili tu na mwandishi kalipwa mara moja. Programu ya kazini unaendelea kuihitaji, huiachii hivi hivi.

Shida ni kwamba kampuni hazikusubiri mjadala uishe. Autodesk waliacha kuuza leseni mpya za kudumu za AutoCAD mwaka 2016, sasa unalipia kwa muda, na kusema kweli hapo angalau hakuna kudanganyana, unajua umekodi. Lakini fundi mchoraji mdogo aliyekuwa anatafuta toleo la zamani la bei poa, tena kwa njia halali, kwa matoleo yanayotoka sasa hana pa kulipata, na siyo mahakama iliyomnyima.