Sahara Magharibi: Wasioshika bunduki wameshindwa kweli?

Polisario, chama kinachopigania uhuru wa Sahara Magharibi kutoka kwa Morocco, ilipotangaza kurejea vitani Novemba 2020, baada ya miaka 29 ya kusitisha mapigano, vijana wengi wa Kisahrawi, wenyeji wa eneo hilo, katika kambi za wakimbizi za Tindouf, Algeria, waliunga mkono. Hoja yao haipuuziki. Kura ya maoni ya kuamua hatima ya eneo hilo, iliyoahidiwa 1991, haijapigwa mpaka leo, na Desemba 2020 Marekani ikalitambua kuwa mali ya Morocco. Uvumilivu umewapa nini?

Swali hilo, hata hivyo, huulizwa zaidi na walio nje. Ndani ya Laayoune, mji mkuu wa Sahara Magharibi, chini ya utawala wa Morocco, hakuna bunduki ya kushika. Mwaka 2009 mwanaharakati wa Kisahrawi Aminatou Haidar, aliyewahi kufungwa gizani karibu miaka minne bila kesi, alitua uwanja wa ndege wa mji huo akakataa kujiandika Mmorocco kwenye fomu. Akanyang'anywa pasipoti, akasukumwa hadi Lanzarote, kisiwa cha Hispania. Akagoma kula. Alitakiwa amwombe mfalme radhi, hakuomba. Baada ya siku 32 akarudishwa nyumbani. Tulipime hilo vizuri: dola yenye ukuta wa kilomita 2,700 jangwani na marafiki wakubwa Paris na Washington ilirudi nyuma mbele ya mama mmoja mgonjwa. Sijui kikosi gani cha Polisario kimeilazimisha Morocco kubadili uamuzi wake hadharani namna hiyo.

Ardhi haikurudi, ni kweli. Na historia ya upinzani huu ina doa ambalo Rabat hailisahau: kambi ya mahema ya waandamanaji wa Kisahrawi ya Gdeim Izik, karibu na Laayoune, 2010, iliyoanza kwa madai ya ajira na makazi. Ilipovunjwa Novemba 8, Morocco inasema, askari wake 11 waliuawa. Familia zao zina haki ya kudai majibu. Lakini Wasahrawi walioshtakiwa kwa mauaji hayo walihukumiwa kwanza na mahakama ya kijeshi, na wengi wakadai walikiri kwa kuteswa.

Nani wa kuthibitisha? Hapo ndipo wanaobeza njia ya amani hawatazami. MINURSO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, hauna mamlaka ya kufuatilia haki za binadamu. Maandamano hushinda yanapoonekana, na haya yameondolewa shahidi. Haidar na wenzake walipounda jumuiya ya ISACOM, Septemba 2020, kupinga bila silaha ukaliaji wa Morocco, mwendesha mashtaka wa Laayoune aliagiza uchunguzi ndani ya siku chache.

Oktoba 2025 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliegemea mpango wa Morocco wa kuipa Sahara Magharibi mamlaka ya ndani chini yake, si uhuru. Wanaotaka vita wataliona hilo kama ushahidi wao. Ila mwaka mmoja kabla, Mahakama ya Ulaya ilikuwa imebatilisha mikataba ya uvuvi na kilimo kati ya Umoja wa Ulaya na Morocco kwa sababu Wasahrawi hawakuridhia, na Umoja wa Ulaya ulishindwa kesi hiyo bila risasi hata moja kufyatuliwa.