"Fast Car" ya Luke Combs: jasho la Tracy Chapman halikupotea

Machi 2023 Luke Combs aliurudia wimbo wa Tracy Chapman, "Fast Car", ukapanda hadi namba 2 kwenye chati ya Hot 100 ya Marekani. Chapman mwenyewe aliishia namba 6 mwaka 1988. Hapo ndipo lawama zilipoanza: Mzungu anayeimba kantri, muziki wa gitaa wenye asili ya vijijini Marekani, anavuna alichopanda mwanamke Mweusi.

Lawama hiyo ina mizizi. Redio za kantri za huko zimewabania wanawake miaka nenda miaka rudi, na wanawake Weusi ndio zaidi. Linda Martell, mwimbaji Mweusi, aliimba Grand Ole Opry, jukwaa kuu la kantri, mwaka 1969, lakini hadi Februari 2024, kwa Beyoncé, ndipo mwimbaji mwanamke Mweusi aliposhika kilele cha chati ya nyimbo za kantri. Angekuja Chapman na gitaa lake, sidhani kama redio hizo zingempiga.

Ila kusema ameibiwa ni kutoijua hesabu ya redio. Marekani, stesheni ya kawaida inapopiga wimbo, sheria haiidai imlipe mwimbaji hata senti moja. Analipwa mtunzi na mwenye haki za utunzi. Na "Fast Car" ina mtunzi mmoja tu, Chapman, na haki zake hakumwachia mtu. Dereva wa lori akifungulia redio kule Tennessee akasikia sauti nzito ya Combs, mrabaha wa redio hiyo unakwenda kwa Chapman. Combs hapo hapati kitu. Yeye anakula kwenye mauzo na tiketi za shoo. Sasa zidisha hilo kwa stesheni za kantri za nchi nzima, mchana na usiku, kwa miezi. Wimbo ulipofika namba 1 kwenye redio hizo Julai 2023, Chapman akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuufikisha pale wimbo alioutunga peke yake. Novemba akatwaa tuzo ya CMA, chama cha muziki wa kantri, ya wimbo bora wa mwaka, mtunzi Mweusi wa kwanza kuipata, kwa wimbo wa miaka 35.

Combs naye aliushika wimbo kwa adabu. Mhusika ni msichana wa keshia sokoni. Combs, mwanamume mwenye ndevu zake, angeweza kumgeuza mwanamume. Akamwimba vilevile alivyoandikwa.

Tarehe 4 Februari 2024, kwenye Grammy, kamera ilianza na vidole vya Chapman vikichezea nyuzi. Ilipopanda hadi usoni, akatabasamu, ukumbi ukalipuka. Zamu ya Chapman ya kuimba ikifika, Combs alimtazama huku midomo ikiyafuata maneno kimyakimya, na mwisho akamwinamia. Usiku huo watu wakakimbilia kununua rekodi ya 1988, yenye sauti ya Chapman mwenyewe, ikapanda hadi kileleni kwa mauzo ya iTunes.