Toa Hiyo Shilingi Juu ya Sindano

Jamani, nani aliyewadanganya kuwa dawa ya santuri inayorukaruka ni shilingi? Kila sebule yenye gramafoni ilikuwa na sarafu imekaa juu ya kichwa cha sindano, na mtoto akikua anajua ile ni sehemu ya mashine, imetoka nayo kiwandani. Sindano ya kawaida inataka uzito wa gramu 1.5 hadi 2. Ipandishie sarafu ya gramu 5 uone. Hairuki tena, ni kweli. Sasa inalima ule mfereji wenye sauti.

Leo mtu karithi albamu ya A Night at the Opera ya bendi ya Queen, ile ya 1975, imelimwa miaka na miaka, halafu anakuja juu: "Mbona Bohemian Rhapsody inakwaruza?" Itaachaje? Wimbo wenyewe uko upande wa pili, mwishoni kabisa, umebakiza kipande kifupi cha wimbo wa taifa wa Uingereza tu kabla ya karatasi ya katikati. Santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mwanzo hadi mwisho, haijali. Ukingoni, kila sekunde sindano inapitiwa na sentimita 50 hivi za mfereji. Kule ndani hazifiki hata 25. Sauti ileile imebanwa kwenye nusu ya nafasi, na wa kwanza kuumia ni herufi "s". Freddie Mercury, mwimbaji wao, mzaliwa wa Unguja, anaanza vizuri tu, lakini wakifika pale kwenye Bismillah unasikia "Bishmillah". Kuna watu wazima na ndevu zao mpaka leo wanadhani ndivyo ilivyorekodiwa.

Toa shilingi! Kama inaruka, kagua kwanza kijivumbi kilichoganda kwenye ncha ya sindano. Kipanguse kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele, si kwa kidole. Kisha kagua meza, maana nusu ya hizo gramafoni zimeinama upande. Halafu zungusha uzito ulio nyuma ya mkono wa sindano mpaka mkono huo uelee wenyewe, weka kipimo kwenye sifuri, ndipo uongeze gramu zinazotakiwa. Dakika tano tu, lakini nani ana subira?

Na kanga ya kufutia, hapana. Inaacha nyuzi. Santuri hufutwa kwa kufuata mifereji, haipigwi deki. Isimamishe kama kitabu; ukizilaza rundo karibu na dirisha la jua, ya chini inapinda, na hapo atatokea jirani mwenye pasi ya kuinyoosha. Mfungie mlango.

Bado sauti nzito, Freddie anaimba kama katoka kung'olewa jino? Mkanda wa mpira umelegea, sahani inazunguka polepole. Nunua mwingine. Na hiyo soda uliyoiweka juu ya kifuniko, iondoe.