Volti siyo ampea, jamani!

Jana nimepanda bodaboda kutoka Nkuhungu mpaka Majengo kutafuta adapta ya dekoda. Yangu iliyoungua imeandikwa volti 12, ampea 2. Kijana wa dukani kanipa ya volti 12, ampea 0.5. Kumuuliza: "Mama, volti si zilezile? Chomeka tu."

Nikachomeka. Dekoda inawaka, inazima, inawaka, na adapta imechemka kama pasi. Volti ni msukumo. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Simtanki liweke juu ya mnara utakavyo, ukilifungia mrija wa kalamu ndoo itajaa lini? (Sisi wa mgao wa maji tunalijua hilo.)

Kurudisha: "Kikishauzwa hakirudishwi." Na taarifa ya habari sijaiona.