Jina Kichwani, Sauti Tumboni: Gitaa Kavu Lipimwe kwa Kipi?

Anayetaka kununua gitaa kavu hukutana mapema na ushauri wa aina mbili. Wa kwanza humtaka ashike majina yaliyokwisha kuthibitishwa, kwa sababu kampuni iliyodumu miaka mingi haikudumu bure. Wa pili humtaka alifumbie macho jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa, alipakate, alipige, kisha aamue kwa sikio na mkono wake. Ushauri huu wa pili ndio unaosifiwa zaidi na wapigaji wazoefu, na kwa sehemu kubwa ninaukubali. Tatizo ni kwamba wanaoutoa huusema kana kwamba sikio na mkono ni mizani isiyokosea, ilhali vyote viwili hudanganyika kwa urahisi kuliko tunavyopenda kukiri, na jina nalo, pamoja na hila zote za biashara, hubeba habari ambazo hakuna sikio linaloweza kuzisikia dukani.

Hoja nzito zaidi dhidi ya chapa inatoka ndani ya gitaa lenyewe. Magitaa ya bei kubwa husifiwa mno kwa mbao za mgongo na mbavu, pengine kwa kuwa ndizo zenye rangi na mistari ya kuvutia kwenye picha. Lakini sauti huzaliwa hasa kwenye ubao wa mbele, ule wenye unene wa karibu milimita 3 ambao daraja, yaani kipande kinachozishika nyuzi upande wa chini, limegundishwa juu yake: nyuzi zikitikisika, daraja huutikisa ubao huo, nao huisukuma hewa iliyo tumboni na iliyo nje. Fundi Mhispania Antonio de Torres alilionyesha jambo hili mwaka 1862, alipounda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, ubao wa mbele peke yake ukiwa wa mti wa kawaida wa kazi hiyo. Gitaa hilo limehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona, ingawa halipigiki tena.

Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, mwaka 2018, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lancaster nchini Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio linaloshabihiana na hilo. Fundi mmoja aliunda magitaa sita yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa mti wa mgongo na mbavu, kuanzia mahogani na mepo hadi rozwudi ya Brazili, mti adimu na ghali ambao ni wa jamii moja na mpingo. Wapigaji 52 walipewa magitaa hayo kwenye chumba chenye mwanga hafifu, wakiwa wamevaa miwani ya mafundi wa kuchomelea vyuma ili wasiweze kutambua mti kwa macho. Alama walizotoa zilikaribiana sana, na mti wa gharama kubwa haukujitenga na ule wa bei nafuu. Kwa anayelipia mgongo wa rozwudi kwa imani kwamba ananunua sauti, hii si habari njema.

Hata hivyo, ushahidi huu husomwa kwa pupa. Unachokanusha ni dai kwamba mti fulani wa mgongo hubeba sauti bora. Haukanushi dai kwamba aliyeliunda gitaa ana umuhimu. Magitaa yale sita yalitoka mikononi mwa fundi mmoja, na huenda ndiyo sababu yalikaribiana. Bob Taylor, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Taylor, alilisukuma wazo hilo mbele zaidi mwaka 1995 alipounda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilitokana na paleti lililotupwa, lile jukwaa la mbao la kubebea mizigo, na likatoa sauti iliyowashangaza wengi. Nia yake ilikuwa kuonyesha kwamba ustadi wa muundaji hushinda ubora wa mti. Sasa tujiulize: ikiwa muundaji ndiye mwenye uzito, je, jina la muundaji si habari muhimu? Hoja iliyotakiwa kuivunja chapa huishia kuirudisha kwa mlango wa nyuma.

Ingerudi na heshima yake yote, lau jina kichwani lingekuwa kweli jina la muundaji. Mara nyingi sivyo. Kampuni ya Martin, iliyoanzishwa mwaka 1833, hutengeneza magitaa yake ya hadhi ya juu mjini Nazareth, Pennsylvania, lakini mfululizo wake wa bei ya chini hutoka Navojoa, Meksiko, na mwingi kati ya huo una mgongo na mbavu zilizotengenezwa kwa karatasi na gundi ngumu zilizoshindiliwa kwa mgandamizo mkubwa, zikapakwa sura ya mti. Jina kichwani ni lile lile. Epiphone ni mfano wa wazi zaidi: ilinunuliwa na Gibson mwaka 1957, ikatengenezwa Marekani, uzalishaji ukahamia Japani mwaka 1970, kisha Korea, na baadaye China. Mtu akisema kwamba Epiphone ni nzuri au ni mbaya bila kutaja mwaka na modeli, amesema machache sana. Kuna pia viwanda ambavyo huunda magitaa ya chapa kadhaa chini ya paa moja, kiasi kwamba mahasimu wawili wa dukani wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo jina lina maana likishuka hadi kwenye modeli, kiwanda na kipindi. Likibaki juu, kwenye nembo tu, ni kama kumhukumu mtu kwa ukoo wake.

Baada ya kulishusha jina, ni haki tulipime sikio nalo. Sikio lina udhaifu unaojulikana: sauti ikiwa kubwa kidogo kuliko nyingine, huonekana bora, hata pale ambapo tofauti pekee ni ukubwa huo. Gitaa la umbo pana la dreadnought, lililopewa jina la manowari ya Kiingereza, hujaza chumba kwa besi na humteka mnunuzi papo hapo, ingawa kwa mtu anayepiga nyuzi moja moja kwa vidole besi hiyo hiyo yaweza kuufunika wimbo wake. Halafu kuna suala la nyuzi. Shaba ya nyuzi hupoteza mng'ao wake kadiri inavyoshikwa na jasho la vidole, na gitaa lililoning'inia dukani miezi sita likijaribiwa na kila apitaye hulinganishwa na lililofungwa nyuzi mpya jana. Niliwahi kulidharau gitaa moja kwa sababu hiyo, nikalisifu la jirani yake, na baada ya yote mawili kufungwa nyuzi mpya za unene mmoja nilishindwa kueleza nilichokuwa nimekisikia mwanzoni. Isitoshe, mpigaji hukaa nyuma ya tundu la sauti. Anachosikia yeye sicho anachosikia aliyeketi mita 3 mbele yake, na asiyemwomba mwenzake ampigie huku yeye akisikiliza kwa mbele ameisikia nusu tu ya sauti anayoilipia.

Jina lenyewe huingia sikioni pia. Anayejua kwamba amepakata gitaa la bei ya gari hatalisikia kama asiyejua, na wala si kwa sababu ya unafiki. Matarajio ni sehemu ya usikivu. Ndiyo maana wanaosema wanapima kwa sauti peke yake, huku macho yao yakiwa wazi na nembo ikiwa mbele yao, hawajapima kwa sauti peke yake. Dawa yake ni rahisi na ni ajabu kwamba wachache huitumia: geuka ukutani, mwache mwenzako apige magitaa matatu au manne kwa wimbo ule ule na kwa nguvu ile ile, uandike chaguo lako, kisha arudie kwa mpangilio mwingine. Ukichagua lile lile mara zote mbili, una jambo la kushikilia. Ukibadilika, pengine tofauti ilikuwa ndogo kuliko ulivyodhani, na bei ndiyo iamue.

Mkono ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu wengi huuamini kupita kiasi. Mnunuzi hushika gitaa, akaona nyuzi ziko juu na zinaumiza vidole, akalirudisha ukutani akisema halimfai. Alichokipima hapo si gitaa, ni marekebisho yake. Kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 (freti ni vile vipande vyembamba vya chuma vilivyokatiza shingo), ambacho kwa uzi mnene wapigaji wengi hukipenda kikiwa kati ya milimita 2 na 2.5, hubadilishwa kwa kusaga kikalio cha darajani, yaani kipande chembamba ambacho nyuzi hukalia. Mpindo mdogo wa shingo husawazishwa kwa kuizungusha kidogo fimbo ya chuma iliyo ndani yake, na mifereji ya kupitishia nyuzi iliyo juu ya shingo ikiwa haina kina cha kutosha huchimbwa kwa tupa nyembamba. Fundi mzuri hukamilisha kazi hiyo kwa muda mfupi, na gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya gitaa. Anayechagua kwa wepesi wa nyuzi peke yake anaweza kuacha gitaa bora lililopuuzwa na kununua la kawaida lililotayarishwa vizuri, na muuzaji mjanja analijua hilo fika.

Kuna upande wa mkono, hata hivyo, ambao hakuna fundi atakayeubadilisha kirahisi, na huo ndio unaostahili kusikilizwa. Upana wa shingo pale juu ni mmojawapo: milimita 43 na milimita 44.5 zinaonekana karibu sawa kwenye karatasi, lakini vidole hutambua tofauti hiyo mara moja, sembuse milimita 52 za gitaa la nyuzi za nailoni. Mwingine ni urefu wa uzi unaotikisika. Gitaa la milimita 632 hulegeza uzi kidogo kuliko la milimita 645 likiwa limetyuniwa sawa, na mkono mdogo hupumua. Unene wa shingo kwa nyuma, kina cha tumbo, na jinsi gitaa linavyotulia pajani ni mambo ambayo mwili huyajua katika dakika ishirini za kwanza na ambayo hakuna jina litakaloyafidia. Mtu akilazimisha mkono wake uzoee shingo usiyoipenda kwa sababu ya nembo, gitaa hilo litaishia kwenye sanduku lake.

Chapa, kwa upande wake, inajua mambo ya kesho. Martin na Taylor hutoa dhamana ya maisha, yenye masharti, kwa mnunuzi wa kwanza. Gitaa lisilo na jina huja na ahadi ya muuzaji. Likiuzwa tena, lenye jina hupata mnunuzi haraka. Nambari za Martin zilizopigwa mhuri tangu mwaka 1898 humwezesha mwenye gitaa kujua liliundwa lini, na hilo si udadisi mtupu: rozwudi ya Brazili imewekewa vizuizi vikali vya biashara ya kimataifa tangu mwaka 1992, na anayetaka kuvuka mpaka na gitaa la mti huo ili aliuze anahitaji kuthibitisha umri wake. Lakini faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ulinganifu. Modeli inayojulikana ya kampuni kama Yamaha, ambayo mfululizo wake wa FG ulianza mwaka 1966, haina maajabu mengi, ila ya leo hufanana sana na ya mwezi uliopita. Kwa anayenunua bila kulishika gitaa, au anayeanza na bado hajui sikio lake linapenda nini, ulinganifu huo ni bora kuliko bahati nasibu. Kumwambia mwanafunzi wa wiki ya kwanza aamue kwa sikio ni kumpa kipimo ambacho bado hakijachongwa. Mwenye miaka kumi ya kupiga hana sababu ya kuukabidhi uamuzi huo kwa nembo.

Mjadala huu wa sikio, mkono na jina umekisahau kiungo kimoja, nacho ni jicho. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, na miaka ikipita mvuto huo huipindisha shingo mbele na kuuvimbisha ubao ulio nyuma ya daraja. Gitaa la namna hiyo laweza kutoa sauti tamu kabisa dukani, na kikalio kilichosagwa hadi mwisho hulifanya liwe laini mkononi, huku marekebisho yake halisi yakihitaji shingo nzima ing'olewe na kupachikwa upya kwa pembe nyingine. Jina kubwa halilikingi, kwa kuwa hata magitaa ya Nazareth hufika hapo. Rula ndefu iliyonyooka, ikilazwa juu ya freti hadi ncha yake ifike darajani, hugusa ukingo wa juu wa daraja au kupita juu yake kidogo ikiwa shingo ni nzima. Ikigonga upande wa mbele wa daraja chini ya ukingo huo, na kikalio kikiwa kimebaki kifupi hakionekani sana, bei ya kung'oa shingo inapaswa kuongezwa kwenye bei iliyoandikwa kabla ya neno lolote kuhusu sauti.