Mizani nane, kisha?

Wapo vijana hapa Lamu wanaoniambia kuwa mizani, hesabu ya silabi katika shairi, ni pingu. Wanataka kutunga mashairi huru, nami siwakatazi. Ila nikiwauliza sababu, jibu ni lile lile: hesabu na ushairi havikai chungu kimoja. Hapo ndipo tunapogombana. Mwana Kupona wa Pate, mama mgonjwa, alimtungia bintiye utendi mwaka 1858. Kila kipande alikipima mizani nane, vipande vinne kila ubeti. Nionyesheni mahali ambapo hesabu hiyo ilimpunguzia huruma.

Mwezi uliopita nilijaribu mchezo wa kigeni: mshororo wa kwanza silabi moja, wa pili moja, kisha mbili, tatu, tano, nane. Kila mshororo ni jumla ya miwili iliyoutangulia. Mfuatano huo unaitwa wa Fibonacci, yule Leonardo wa Pisa aliyeuandika mwaka 1202 katika fumbo la sungura wanaozaana. Lakini Hemachandra, mwanazuoni wa Gujarat huko India, alikuwa keshauonyesha yapata miaka 50 kabla yake, naye hakuwa na habari ya sungura. Alikuwa akipima mashairi. Chukua silabi fupi iwe pigo moja na ndefu mapigo mawili, kisha tafuta mshororo wa mapigo manne unapangika kwa njia ngapi. Ni tano. Wa mapigo matano? Nane. Basi watu wa arudhi, elimu ya kupima mashairi, waliifikia namba hiyo mapema. Nafurahi zaidi ya ninavyopaswa, pengine kwa kuwa Gujarat kwetu si mbali. Jahazi zake zilikuja na kaskazi.

Tabu ilinianza kwenye silabi ya kwanza. Mwingereza hana shida: mwezi, mti, bahari, kwake vyote ni silabi moja moja. Mimi nikasema nitaweka "nta". Mizani mbili. "Mbwa"? Mbili pia, kwani ile m hutamkwa peke yake. Nilizunguka chumba kizima nikitaja vitu, hakuna kilichoingia. Nilichobakiwa nacho ni vijineno: si, ni, la, je, tu. Yaani Kiswahili hakikubali uanze na kitu. Anza kwa kukana, au kwa kuuliza, au nyamaza. Kwa hiari yangu nisingeanza hivyo kamwe. Ningeanza na bahari, kama kawaida yangu, na shairi lingelala hapo hapo. Hesabu ndiyo iliyonikatalia, nami naishukuru.

Nikapata hili:

La,
si
pepo;
ni moyo
unaovuma
kusi likilala pwani.

Niliishia hapo kwa makusudi. Baada ya nane inakuja 13, nayo sikio langu halijui pa kuiweka. Nane ni nyumbani: ndiyo kipande cha utenzi, ndiyo ukwapi wa shairi, nusu ya kwanza ya mshororo, inayofuatwa na utao, nusu ya pili.

Jioni nikamsomea ami yangu barazani. Yeye hataki karatasi. Alifumba macho, kidole gumba kikapita juu ya pingili za vidole, taratibu, kama mtu anayevuta uradi. Mishororo ya mwanzo ilimkunja uso; kidole kilianza, kikasita, kikaanza tena. Kwenye "unaovuma" uso ulikunjuka. Kwenye "pwani" kidole kilitulia, lakini macho hakuyafumbua. Akangoja. Nami nikangoja.

"Haya, na utao wake?"

Nikamweleza habari za Pisa na Gujarat, na jinsi namba zinavyojumlishwa. Alinisikiliza kwa adabu zote, akamimina kahawa, akanipa kikombe.

"Kusi likilala pwani," akarudia. "Enhe. Kisha?"

Nimejaribu kutunga utao huo mara tatu. Mmoja tu ndio unaonipendeza, nao una mizani tisa.